Uchachu wa Kahawa ya Mama

Nyumbani kwetu Machame, kitu kikichacha kinamwagwa. Maharage yaliyolala yakichacha, anapewa nguruwe. Maziwa yakikaa vizuri tunasema yameganda, ndizi za kuivisha tunasema zimevundikwa, pombe ya mbege ikifika tunasema imeiva. Vyote hivyo vina ukali wake unaokamata ulimi, lakini hakuna anayethubutu kusema vimechacha. Neno hilo tumeliachia vilivyoharibika. Mwanamke akiambiwa chakula chake kimechacha, ameambiwa hajui kutunza nyumba, na anayemwambia hivyo mbele za watu awe amejiandaa kwa ugomvi. Naanza na hilo kwa sababu asiyelijua hataelewa kilichompata mama yangu, na nimechoka kulieleza nikiwa nimeshafika katikati.

Wakati huo nilikuwa naishi Njoro, pale Moshi mjini, nina cherehani yangu barazani, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara. Jumamosi nikifunga kazi mapema nilipanda Machame kumwona mama. Baba alikwishafariki. Mama alibaki na kihamba, shamba la nyumbani tunalorithishana, migomba juu na kahawa chini yake, na ng'ombe mmoja zizini. Watu husema nimefanana naye kwa umbo na kwa mwendo. Kwa hasira hatukufanana hata kidogo. Mama alikuwa mtu wa kumeza, mimi ni mtu wa kutema.

Ilikuwa miaka ile baada ya soko kufunguliwa. Zamani kahawa ilikuwa na njia moja tu: unachuma, unamenya nyumbani kwa mashine ya mkono, unaosha, unaanika, unapeleka chama cha msingi, basi. Soko huria lilipokuja, magari ya wanunuzi yakaanza kupanda mlimani yenyewe. Walinunua chochote. Iliyokauka na isiyokauka, iliyooshwa na inayonuka, yote iliingia gunia moja, na watu wakajifunza upesi kwamba kujihangaisha ni kujichosha bure. Wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Mama hakung'oa. Alisema mibuni ile aliikuta kwa mama mkwe wake, na mama mkwe hakumwachia neno la kung'oa.

Ndipo majirani kadhaa wakaunda kikundi ili wauze moja kwa moja kwa wakaangaji wa ng'ambo, wale watu wa biashara ya haki. Hao walinunua kahawa ikiwa mbichi, wakaikaanga wenyewe kwao, na walitaka kumfahamu aliyeilima. Kila mwaka baadhi yao walikuja mlimani, na ujio wao ukaitwa kubadilishana ujuzi. Wao watueleze kahawa yetu inavyoonjwa kule, sisi tuwaeleze tunavyoitunza huku. Kulikuwa na soda, kulikuwa na keki, na kila mtu alipata kiti cha plastiki. Miaka ile kila kitu kilikuwa semina, hata kunawa mikono, kwa hiyo mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alipiga pasi gauni lake la kanisani akaenda kubadilishana ujuzi.

Kikundi kilikuwa kimenunua mashine moja ya pamoja ya kumenyea, kikajenga na tangi la saruji karibu na mfereji. Kahawa ikishamenywa inabaki na utelezi, na utelezi ule hautoki kwa maji mpaka punje zilale tangini zikivundika. Ukiziwahi, utelezi unabaki. Ukizisahau, zinaoza, na jasho la kijiji kizima linakwenda na maji. Lazima awepo mtu mmoja wa kusema sasa tayari, na wengine wamwamini. Wakamchagua mama.

Walimchagua kwa sababu ya mbege. Mbege ni pombe yetu ya ndizi na ulezi, na ya mama ilitafutwa kwenye harusi hadi vijiji vya mbali. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mtu wa ukoo wa baba, kwa hiyo alimwita mama shemeji. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama akasema kwamba mtu anayejua mbege imefikia wapi kwa kunusa tu hawezi kushindwa na kahawa. Watu wakapiga makofi. Mama alijifunika mdomo kwa kanga, lakini mabega yalikuwa yanamcheza kwa kicheko.

Nilikwenda naye tangini asubuhi moja. Alikunja mkono wa gauni hadi begani, akauzamisha ndani ya kahawa, akatoa konzi moja na kuisugua kiganjani karibu na sikio. Zikiteleza, bado. Zikikwaruzana kama kokoto, utelezi umeachia. Siku ile niliona zimekwaruzana, nikadhani kazi imekwisha, lakini mama alinusa kiganja akatikisa kichwa, akaketi juu ya jiwe. Nikamuuliza anangoja nini tena. Akasema anangoja harufu ya majani iondoke, ije harufu ya ndizi mbivu.

"Ikifika mkono wangu unajua," akaniambia. "Usiniulize unajuaje."

Baada ya muda akainuka, akarudia yale yale, akanusa, akawageukia wanaume waliokuwa wakisubiri penye mfereji. "Fungueni," akasema. Wakafungua maji. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyekuja kuhakikisha. Mama alikuwa mjane, na kwenye vikao vya ukoo mjane hukaa nyuma na kuambiwa yaliyoamuliwa. Pale tangini wanaume wazima walisimama kimya wakingoja neno lake moja. Lile "fungueni" ndilo lililokuwa mali yake, na alilisema kwa sauti ambayo mimi nyumbani sikuwahi kuisikia.

Basi, wakaja wageni. Mwaka ule alikuja mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi, mkaangaji hasa, mikono yake imejaa alama za kuungua. Mkalimani wake alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye Kiswahili kinachotiririka mpaka unatamani asinyamaze. Sisi Kiswahili tunakiongea huku Kichagga kinakisukuma kwa nyuma, kwa hiyo mbele ya mtu wa pwani huwa tunaongea kidogo kidogo tusichekwe. Tulikutana kwenye ukumbi wa usharika. Mimi nilikuwepo kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na mama alitaka nimwone akiwa miongoni mwa wenye kazi.

Yule mgeni alisimama akaongea kwa muda mrefu, anatabasamu, mikono inakwenda huku na huku, mara anagusa koo, mara mashavu. Alipomaliza, mkalimani naye akatabasamu akasema:

"Wageni wanasema kahawa yenu ina uchachu. Uchachu wa wazi kabisa, tangu mtu anapoigusisha ulimi. Wameuzunguka mlima huu wote, hawajakutana na uchachu kama huu. Wanaomba kumjua anayeivundika."

Ukumbi mzima ulinyamaza. Mtu aliyekuwa anakunywa soda aliishusha chupa polepole. Utasema mbona wageni walikuwa wanatabasamu. Wewe, kwetu mgeni muungwana hawezi kukwambia umeharibu huku amenuna. Atakwambia kwa kicheko ili usife kwa aibu, na ukubwa wa kicheko unakuonyesha ukubwa wa kosa. Na kuuliza, nani angeuliza? Mtu akikwambia unanuka, humwombi arudie ili usikie vizuri.

Macho yote yalimwendea mama. Alisimama, akanyoosha gauni lake, akasema, "Ni mimi." Yule mgeni alitoka mbele, akapita katikati ya viti, akaishika mikono yake yote miwili, akaing'ang'ania. Mama aliinamisha kichwa. Alidhani anasamehewa.

Mwenyekiti akainuka haraka, jasho linamtoka. "Tumelipokea," akasema. "Tutalifanyia kazi." Mkalimani akaligeuza kwa Kiingereza, na wageni wakapiga makofi kwa furaha. Wao walisikia kwamba tutaendelea kuutunza ule uchachu. Sisi tulikuwa tumeapa kuukomesha. Wageni wakapiga picha, wakanywa soda zao, wakashuka mlima.

Siku chache baadaye mwenyekiti alikuja nyumbani jioni. Nilikuwepo, namenya ndizi. Alizungukazunguka kwanza, akauliza ng'ombe, akauliza majani, akasifu migomba. Mwishowe akasema watu wamefikiri sana, na wameona pengine ile mbege inamwachia mama kitu mkononi, na kile kitu kinaingia kahawani. Alilisema kwa upole, tena bila kumwangalia. Kumbe chini chini wanawake walikwishampa jina, wakimwita mkono wa chachu. Kile kile walichomchagulia ndicho walichokuja kumtolea makosa.

"Pumzika kidogo, shemeji," akasema.

Pumzika! Nilishikwa na hasira, nikakitupa kisu chini. Nilifungua mdomo, mama akaninyooshea kiganja ninyamaze. Akamwambia mwenyekiti kwamba amesikia, akamkaribisha chai, na yule mwanamume akainywa chai ile hadi mwisho. Mpaka leo sijui ilimpitaje kooni.

Kazi ya tangi akapewa mwanamume mmoja mwangalifu. Simlaumu, alifanya kama alivyoambiwa. Punje zilipoanza tu kukwaruzana alifungua maji, akaziosha, akaziloweka, akaziosha tena, wakaweka na sharti kwamba anayepika mbege asikaribie mashine. Mama aliacha kupika. Pipa lake la mbege alimpa jirani, na hakusema lolote ila kwamba lilikuwa linachukua nafasi. Ndizi zake za pombe zilianza kuivia mgombani na kuliwa na ndege.

Nyumba ya Mungu nayo haikumwacha. Kwetu Jumapili baada ya ibada, sadaka za mazao hupigwa mnada nje ya kanisa: mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maziwa. Kibuyu cha maziwa mgando cha mama kilikuwa kikigombewa, watu wakipandishiana bei kwa kutaniana. Jumapili moja mzee wa kanisa alikiinua, akakisifu, akakisifu tena, watu wakawa wanaangalia viatu vyao. Hakuna aliyeinua mkono. Nikakinunua mwenyewe, na bei niliitaja kwa sauti ya ugomvi, mpaka mchungaji akageuka kunitazama. Tukarudi nyumbani mimi na mama, nimebeba maziwa yake niliyoyanunua.

Lakini la kuniumiza kuliko yote lilianza jikoni, na lilianza dogo. Nilimkuta siku moja ameshika sufuria ya kiburu, ndizi na maharage alivyopika asubuhi ile ile. Akanisogezea. "Nusa," akasema. "Imechacha?" Nikamwambia haijachacha, imepikwa leo. "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akaimwaga hata hivyo. Mara nyingine ikawa maziwa, mara nyingine mchuzi, mara uji ambao bado ulikuwa unatoa moshi. Nilimfokea, Mungu anisamehe, nilimwambia pua anayo mwenyewe. Akanijibu taratibu kwamba pua anayo, ila haijui tena kama inamwambia kweli.

Msimu ukapita, kahawa ikaenda ng'ambo, wageni wakarudi. Safari hii yule mkaangaji hakutabasamu. Mama hakwenda ukumbini. Alisema ana majani ya ng'ombe ya kukata. Nikaenda mimi, nikakaa kiti cha mbele kabisa, kwa ubishi tu.

Kwenye meza walipanga vikombe. Mgeni alikuwa amebeba kahawa yetu ya mwaka uliotangulia na ya mwaka huo, zote amezikaanga kwake, akatuonyesha jinsi wanavyoonja: unachota kwa kijiko, unaivuta kwa kelele. Watu walicheka, maana kwetu mtoto akinywa uji hivyo anapigwa. Tukaonja mmoja mmoja. Kicheko kilipotulia, mkalimani wa Tanga akatafsiri. Alisema ya mwaka huu ni safi, haina kosa, lakini imenyamaza. Wageni wanauliza ule uchachu umekwenda wapi, na kama yupo aliyeuondoa.

Mwenyekiti alisimama na kifua mbele, maana hapo ndipo alipokuwa anapangojea. Akaeleza yote. Jinsi walivyokaa kikao, walivyobadilisha mtu wa tangi, walivyozuia mbege, walivyoosha na kuloweka. Akamaliza kwa kusema kwamba waliahidi kulifanyia kazi na wamelifanyia kazi. Akangoja makofi.

Mkalimani aliyatafsiri yale kwa sauti iliyokuwa ikipungua. Yule mgeni akaketi. Akasema kitu kifupi, na mkalimani akakigeuza huku anatutazama kana kwamba sisi ndio wageni:

"Anauliza, kwa nini mmekiondoa kitu alichokuja kukifuata?"

Hakuna aliyeelewa. Mimi damu ilinichemka. Nawaambia kweli, sikuuliza kwa akili, niliuliza kwa hasira, kwa ajili ya kibuyu, kwa ajili ya pipa, kwa ajili ya sufuria ya kiburu. Nilisimama nikamuuliza yule mtu wa Tanga:

"Kaka, kwenu kitu chenye uchachu mnakila au mnakimwaga?"

Alinitazama kwanza. "Tunakila, dada," akasema. "Uchachu wa ndimu, wa ukwaju, wa embe bichi. Mjamzito akiutamani, mumewe anatoka kwenda kuutafuta. Kwani kwenu ni nini?"

"Kwetu ni wa maharage ya nguruwe," nikamwambia.

Nilimwona neno linamwingia. Alijishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa hivyo, kisha akamgeukia mgeni akaanza kumweleza, na alipokuwa anaeleza yule mama wa Kizungu alijifunika mdomo. Mezani kulikuwa na sahani ya matunda damu waliyokatiwa wageni, yale mekundu yenye ukali unaofinya mashavu. Mgeni akachukua kipande, akala, akakigusa kikombe cha kahawa ya mwaka uliotangulia, akaigusa sahani, akakigusa tena kikombe. Halihitaji mkalimani hilo. Kila mtu ukumbini alikuwa anatafuta pa kuweka macho yake, na mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kulia.

Mwenyekiti hakungoja soda. Alitoka, akakata jani la isale mpakani. Isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, na jani lake likifungwa fundo likaletwa kwako, umeombwa msamaha, na hukatai hata kama mwanao ameuawa. Akatangulia nalo, kikundi kizima nyuma yake, mkalimani na wageni wakafuata. Tulimkuta mama anatoka mgombani na mzigo wa majani kichwani. Aliposimama kuutua, aliona jani mkononi mwa mwenyekiti, na mzigo ukamteleza wenyewe.

"Shemeji, neno lilitupotea njiani," mwenyekiti akasema. "Haikuwa imechacha. Rudi."

Mama alilipokea jani kwa mikono miwili. Yule wa Tanga akamwamkia shikamoo, akapiga magoti pale pale kwenye samadi, akamwambia kwamba ulimi wake yeye ndio uliomuumiza. Mama akamwinua akamwambia hapana, baba, ulimi wake hauna kosa, wao wenyeji ndio waliosikia, wakanywa soda wakanyamaza. Kisha yule mkaangaji akamletea kikombe cha kahawa yake mwenyewe, ile ya mwaka wa uchachu. Sote tukamtazama akinywa. Alikunywa polepole, akaikalisha mdomoni, akatutazama.

"Mimi nasikia kahawa tu," akasema.

Watu walicheka kwa sababu walihitaji kucheka, hata yule mgeni alipotafsiriwa alicheka. Mimi nilicheka pia. Nilirudi Njoro siku ile nikiwa nimeridhika kabisa, nikasimulia kwa majirani mpaka wakanichoka. Mama yangu amerudishiwa kazi yake, tena kwa isale, mbele ya wageni. Nilidhani yamekwisha.

Msimu ulipofika nilifunga cherehani nikapanda Machame makusudi, nione siku yake ya kwanza. Asubuhi tukaenda tangini. Wanaume walikuwa wamekwisha fika penye mfereji, na yule mwangalifu alikuwa miongoni mwao, anamngoja kwa heshima. Mama akakunja mkono wa gauni, akauzamisha, akatoa konzi yake, akaisugua karibu na sikio. Akanusa. Akaenda kuketi kwenye jiwe lake. Akainuka, akarudia. Akanusa. Jua likaanza kupenya migomba. Akarudia tena, akasimama ameshika kile kiganja mbele ya uso wake kama mtu anayesoma maandishi madogo, na nikaona midomo yake inachezacheza.

Akageuka akanisogezea mkono. Alisema kwa sauti ya chini sana, wasisikie.

"Nusa. Imechacha?"

Nilinusa. Kulikuwa na harufu ya maji, ya majani, ya ndizi kwa mbali, na ya mkono wa mama yangu. Mimi nashona sare za shule. Sikujua lolote kuhusu kahawa, na ng'ambo ya tangi wanaume wote walikuwa wanatutazama.

"Haijachacha, mama," nikamwambia. "Imeiva."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akawageukia. "Fungueni," akasema, na maji yakaja.

Wageni walipoonja kahawa ya mwaka ule walifurahi. Walisema uchachu umerudi, na mkalimani, safari hii, alisema ukali wa tunda damu, na tangu hapo kikundi kikalishika jina hilo. Hata leo ukienda pale utawasikia wanalisema. Kibuyu cha mama kikaanza tena kugombewa mnadani. Pipa la mbege lilirudishwa, ingawa hakulipikia tena. Kila mama alipopita, mwenyekiti alimpisha njia. Kila kitu ambacho watu walimnyang'anya, watu walikirudisha, na sina neno nao.

Lakini hakuwahi tena kusema lile "fungueni" kwa kuamua peke yake. Ilibidi kila mara amuulize mtu. Nilipokuwepo aliniuliza mimi, nami kila mara nikamjibu kwamba imeiva. Nisipokuwepo alimuuliza yeyote aliyesimama karibu, hata yule mwangalifu, na wote walimjibu kwa upole kwamba imeiva, kwa sababu walijua deni lao. Nilimwambia mara nyingi, mama, tazama, kila mwaka inatoka nzuri, mkono wako ni ule ule. Alikuwa anaitikia tu, ndiyo, mwanangu, ndiyo.

Msimu wake wa mwisho miguu ilikuwa imemchoka, tukamshikilia mimi na jirani hadi tangini. Aliinama kwa shida, akatoa konzi yake, akaisugua. Nilingoja aipeleke sikioni, nilingoja anuse. Hakunusa. Aliuleta mkono moja kwa moja usoni pangu na kungoja.

"Imeiva, mama," nikasema.

"Fungueni," akawaambia, akinitazama mimi.